Uzamili wa uhandisi wa mazingira Kanada: Herufi nne zenye uzito

WAHANDISI vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira nchini Kanada hukutana mapema na swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka: MEng au MASc? Zote mbili ni shahada za uzamili, mara nyingi hutolewa na idara moja, na wanafunzi wake huketi katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Tofauti huanza kuonekana siku ya kulipa ada.

MEng ni uzamili wa kozi. Mwanafunzi husoma masomo yapatayo 8 hadi 10, hufanya mitihani na miradi, kisha huhitimu bila kuandika tasnifu. Wengi humaliza katika mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. MASc ni uzamili wa utafiti: masomo ni machache, lakini mwanafunzi huwa chini ya profesa anayemsimamia, hufanya utafiti na kuutetea, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili.

Profesa aliyepata ruzuku huhitaji mtu wa kufanya kazi maabara, hivyo mwanafunzi wa MASc kwa kawaida hulipwa posho. Mwanafunzi wa MEng hana msimamizi wa namna hiyo. Kwa chuo, yeye ni mteja, na akiwa mgeni ada yake hufikia makumi ya maelfu ya dola. Mbali na ada, serikali humtaka mwombaji wa kibali cha kusoma aonyeshe fedha za kujikimu. Nje ya jimbo la Quebec, kiwango hicho kilikuwa dola 10,000 za Kanada kwa mtu mmoja. Kilipandishwa hadi 20,635 Januari 2024, kisha 22,895 Septemba 2025. Familia inayouza kiwanja ili kumsomesha kijana inastahili kuijua hesabu hii kabla ya barua ya kukubaliwa kufika.

Pamoja na gharama hizo, MEng ina wateja wake, na si bila sababu. Mhandisi mwenye kazi na uzoefu huhitaji ujuzi wa kusanifu mtambo kuliko kuchapisha makala. Tena tangu Februari 2024, hata mhitimu wa uzamili uliochukua chini ya miaka miwili anaweza kupewa kibali cha kufanya kazi cha hadi miaka mitatu, akitimiza masharti mengine.

Masomo yenyewe yana uzito. Husomwa usafishaji wa majisafi na majitaka, uchafuzi wa hewa, taka ngumu na jinsi sumu inavyosafiri katika maji ya ardhini. Nchini humo ni vigumu kuzungumzia klorini bila kuutaja mji mdogo wa Walkerton, jimboni Ontario. Mwezi Mei 2000 mvua kubwa ilisomba bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe hadi katika kisima cha mji. Watu saba walikufa na wapatao 2,300 wakaugua. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba waendeshaji hawakuwa wakipima kiasi cha klorini kila siku kama ilivyotakiwa, na kwamba waliandika takwimu za uongo katika daftari. Sheria mpya ya maji salama ilipitishwa Ontario mwaka 2002.

Somo kama hilo linafaa popote. Mengine yanahitaji kupimwa. Bakteria wanaosafisha majitaka hupunguza kasi kwenye baridi, na mhandisi wa Kanada hana budi kulizingatia hilo. Dar es Salaam haina tatizo hilo. Joto lake huwezesha usafishaji usiotumia oksijeni na mabwawa ya majitaka kama yaliyojengwa Vingunguti. Kadhalika, baadhi ya miji ya Kanada huongeza floraidi katika maji ili kulinda meno, lengo likiwa miligramu 0.7 kwa lita. Arusha shida ni kinyume: kuna vyanzo vinavyozidi kwa mbali miligramu 1.5 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa kuipunguza. Kwa vile uzamili wa kozi humwachia mwanafunzi kuchagua sehemu kubwa ya masomo yake, anayekusudia kurudi nyumbani anaweza kuchagua kwa kuangalia matatizo ya nyumbani.

Lipo suala la baadaye. Anayetaka kuwa mhadhiri au kusoma uzamivu atatakiwa kuonyesha kwamba aliwahi kufanya utafiti, na MEng isiyo na mradi humwacha mikono mitupu. Kwa Mtanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua shahada za nje. Wala shahada pekee haimfanyi mtu mhandisi aliyesajiliwa: Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Kanada kila jimbo lina chombo chake. Cha Ontario kiliondoa mwaka 2023 sharti la uzoefu wa kazi uliopatikana Kanada, ingawa uzoefu wenyewe bado unadaiwa.

Kuhama kutoka MEng kwenda MASc katikati ya masomo huwezekana katika baadhi ya vyuo, iwapo profesa atakubali kumpokea mwanafunzi. Kwa hiyo wanaojua wanataka utafiti huwaandikia maprofesa miezi kadhaa kabla ya kujaza fomu ya maombi.