Vitabu viwili, risasi ile ile, namba tofauti: nani mwongo?

Juzi nipo kafe na mshikaji wangu, anaangalia video za Wamarekani wanaojijazia risasi nyumbani. Kule ni hobi halali, wawindaji na walenga shabaha wengi wanaifanya. Wanachukua maganda yaliyokwishapigwa, wanaweka fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Kiasi cha baruti wanakitoa kwenye vitabu vya Lyman, Hornady, Sierra na wengineo. Basi mshikaji akaona kitabu kimoja kinasema mwisho ni hapa, kingine kinasema mwisho ni pale, na risasi ni ile ile. Akaniuliza, "Sasa hapo nani mwongo?"

Nikaenda kuchimba. Jibu ni kwamba hakuna mwongo. Zile namba ni majibu ya majaribio, na majaribio hayakufanana.

Kwanza vifaa. Mmoja anapimia kwenye mtutu maalumu wa maabara wenye chemba iliyobana sana, mwingine anatumia bunduki ya kawaida ya dukani. Vichwa viwili vinaweza kuwa na uzito sawa, lakini kimoja ni kirefu, kinaingia ndani zaidi ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ganda la jeshi mara nyingi ni nene, nafasi inapungua tena. Nafasi ikipungua, presha inapanda. Ongeza fataki ya kampuni nyingine, bechi nyingine ya baruti na joto la siku hiyo.

Pili, namna ya kupima. Zamani walipima presha kwa kuangalia kipande cha shaba kimebonyea kiasi gani, siku hizi wanatumia vihisi vya umeme. Kwa .308 Winchester, kikomo cha SAAMI, chombo cha viwango cha Marekani kilichoanzishwa 1926, ni 52,000 kwa kipimo cha shaba na 62,000 kwa kihisi. Kikomo ni kile kile! Asiyejua anadhani ameruhusiwa kuongeza 10,000.

Tatu, tahadhari. Risasi ya Kijerumani ya 8x57: CIP ya Ulaya inaruhusu bar 3,900, kama pauni 56,500 kwa inchi ya mraba. SAAMI inaishia 35,000. Kwa nini? Bunduki za Kijerumani za 1888 zilitengenezewa kichwa cha karibu milimita 8.1, baadaye kikaja cha milimita 8.2. Hizo za zamani ziliingia Marekani nyingi tu. Ukilazimisha kichwa kipana kwenye mtutu mwembamba, presha inapaa. Wamarekani wakaweka kikomo cha chini kumlinda mwenye bunduki ya babu yake.

Nne, majina. Kuna baruti inaitwa IMR 4831 na nyingine H4831. Namba moja, lakini ya IMR inaungua haraka zaidi. Ukisoma kipimo cha H ukamimina IMR, bunduki inaweza kupasuka usoni kwako.

Hapo mshikaji akasema, "Si wachukue wastani tu?" Nikamkumbusha titresheni ya kidato cha nne. Tulichukua wastani, ndio, lakini wa majibu ya asidi ile ile na bureti ile ile. Kuna jamaa darasani kwetu alinakili namba za meza ya pili, kumbe wao walipewa chupa nyingine. Alikula sifuri. Wastani wa majaribio mawili tofauti ni namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuijaribu. Kwenye karatasi unapoteza maksi, kwenye bunduki unapoteza jicho.

Ndio maana wenye uzoefu wanatafuta kitabu chenye kichwa, baruti, ganda na fataki kama vyao, wanaanza chini na kupanda kidogo kidogo huku wakiangalia dalili za presha. Hawaruki kwenye namba kubwa kwa sababu kitabu kingine kimeiruhusu.

Jamani, huku kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, msije mkasema mimi ndio niliwatuma. Ila somo linatuhusu wote tunaosoma namba kwenye neti. Ukikuta mbili zinapishana, usikimbilie kusema mmoja kadanganya. Uliza kwanza: alipima nini, kwa kifaa gani, na anamlinda nani?

Wadau mnasemaje? Nani kakutana na namba za namna hii kwenye dawa, mbolea au betri? Mwageni hapo chini.