Mguu ukivunjika shimoni, nani atalipa lopitali?

Ndugu wachimbaji na jamaa zenu, Septemba 2023 serikali ilianza kule Kinshasa kulipia uzazi: mama anazaa bila kutoa feza. Ni mwanzo mzuri wa bima ya afya kwa wote. Lakini mutu akivunjika mguu shimoni Kamituga, mahali udongo ulifunika makumi ya watu Septemba 2020, mpango huo haumugusi. CNSS nayo inasimamia ajali za wenye kontra. Wachimbaji wengi hawana. Njo maana jamaa inauza mbuzi ao shamba ili kumufikisha Bukavu kwa daktari wa mifupa. Tunashauri: koperative ziwaandikishe kwenye mutuelle ya afya mungali wazima. Muulize kwanza: inalipa upasuaji? Inalipa gari? Kisha ajali, ni kuchelewa.