GTA VI: Kwa nini gemu moja ipikwe miaka yote hii, na Korogwe hadi Handeni nani analipia kusubiri?

Mtoto aliyezaliwa Korogwe mwezi GTA V inatoka, yaani Septemba 2013, leo yupo darasa la saba au ameshaanza sekondari. Katika maisha yake yote hajawahi kuona GTA mpya ikiingia sokoni.

Kaka yake alikuwa na zali. GTA III ilitoka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Gemu tatu kubwa ndani ya miaka 3, zote za Rockstar, zote zikichezeka kwenye PlayStation 2 ileile.

GTA VI ilitangazwa itoke 2025. Ikasogezwa hadi 26 Mei 2026. Novemba 2025 ikasogezwa tena, tarehe mpya ikawa 19 Novemba 2026. Ndiyo maana kwenye mabanda ya gemu, Manundu mpaka Chanika kule Handeni, swali ni lilelile: hawa jamaa wanatuzingua au?

Kiukweli hapana. Ila sababu zenyewe hazifanani na zile zinazosemwa kitaa.

Mashine imekua, kazi imekua nayo

PS2 ilikuwa na memori ya MB 32 tu. Simujanja ya bei rahisi kabisa dukani leo inaizidi mbali. Kwa memori hiyo nyumba nyingi za San Andreas zilikuwa maboksi yaliyobandikwa picha za madirisha, na sura za watu kama zimechongwa kwa panga. Hakuna aliyelalamika, kila mtu alikuwa bize kuiba baiskeli.

PS5 ina memori ya GB 16, takribani mara 500 ya ile. Watu wengi wanadhani mashine ikiwa na nguvu kazi inakuwa nyepesi. Ni kinyume chake. Kila kitu ambacho mashine inaweza kuonyesha, lazima kuna mtu akae akitengeneze: unywele mmoja mmoja, jasho, mikunjo ya shati, mawimbi, kivuli cha nguzo ya umeme.

Halafu vitu hivyo vinagusana. Chukulia stendi ya Korogwe ingekuwa ndani ya gemu, na mtengenezaji ameamua kuongeza mvua. Barabara lazima ing'ae na tairi za bodaboda ziteleze. Wauza matunda wafunike mabeseni, abiria wakimbilie kibarazani, madereva wawashe waipa. Sasa mchezaji akipora bodaboda wakati huohuo itakuwaje? Akiigongesha kwenye kibaraza walichojificha abiria je? Kila jibu linaandikwa na mtu, linajaribiwa, likigoma linarudishwa kwa fundi. Ongeza usiku, ongeza polisi, ongeza treni, na idadi ya mambo ya kujaribu inapanda kuliko idadi ya vitu vilivyoongezwa. Hapo ndipo miaka inapoishia.

Kingine ni kwamba Rockstar hawakuwa wamekaa tu. Katikati walitoa Red Dead Redemption 2, Oktoba 2018, miaka 8 baada ya ile ya kwanza. Mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba toleo la PS4 lilikuja kwenye diski 2.

Na kuna hela. GTA V imeuza zaidi ya nakala milioni 200, na GTA Online imekuwa ikiingiza pesa tangu Oktoba 2013. Kampuni ambayo gemu ya zamani bado inailisha haina njaa ya kukimbizana na tarehe. Hii sababu haisemwi sana, lakini ina uzito kuliko zinavyokubali taarifa za kampuni.

Kuchelewa si dhamana ya utamu

Wanaosema "ikichelewa itakuwa moto" waulizwe kuhusu Duke Nukem Forever. Ilitangazwa 1997, ikatoka 2011. Miaka 14! Watengenezaji wake, 3D Realms, walikuwa wakiona teknolojia mpya wanabadilisha msingi wa gemu na kuanza upya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 2009 hela iliisha na timu ikavunjwa. Kampuni nyingine, Gearbox, ikaja kumalizia. Ilipotoka, wakosoaji wengi waliiponda, maana utani na uchezaji wake ulishapitwa na wakati.

The Last Guardian iliangukia pazuri zaidi. Ilianza kutengenezwa 2007 kwa ajili ya PS3, mashine ikazeeka gemu haijaisha, ikahamishiwa PS4 na kutoka Desemba 2016. Beyond Good and Evil 2 yenyewe ilionyeshwa mara ya kwanza 2008, na kufikia 2022 ilikuwa imeshampita hata Duke kwa kukawia.

Afrika nako kuna aliyesubiri miaka 13

Huko Kamerun, Madiba Olivier alianza na wazo la Aurion mwaka 2003. Ni gemu ya mapigano na safari, mhusika mkuu ni mwana wa mfalme anayeitwa Enzo aliyepinduliwa siku ya harusi na kutawazwa kwake, na dunia yake nzima imechotwa kwenye mila za Afrika. Ikatoka Aprili 2016.

Ucheleweshaji huu ni wa aina nyingine kabisa. Teknolojia ilikuwepo, kilichokosekana ni mtaji, kwa sababu kazi ya gemu haina shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Kampuni yake, Kiro'o Games ya Yaoundé, ilianza rasmi 2013, ikauza hisa ndogondogo kwa watu wa kawaida kupitia intaneti, kisha 2015 ikachangisha karibu euro 50,000 mtandaoni. Umeme ulikuwa unakatika kazi ikiendelea. Kijana wa Handeni mwenye laptop na programu ya bure ya kutengeneza gemu, kama Godot, anaifahamu hiyo hali bila kuelezwa.

Baada ya Aurion, Kiro'o waligeukia gemu za simu. Ndogo, za haraka kumalizika, na zinamfikia mtu asiye na kompyuta.

Anayelipia huku kwetu

Wa kwanza ni mwenye banda. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. PS2, ambayo Sony iliacha kuitengeneza kufikia mwanzoni mwa 2013, haihusiki. PS3 haihusiki, na hata PS4 haimo. PS5 ilizinduliwa Novemba 2020 kwa dola 499 huko Marekani, na mpaka ifike Korogwe ina usafiri, ushuru na faida ya muuzaji juu yake. Aliyenunua moja mapema akisubiri GTA VI ivute wateja 2025, ameshakula hasara ya mwaka mzima, huku jirani yake mwenye PS2 iliyochoka anaendelea kukusanya jero za watoto.

Wa pili ni wewe mwenye simu. Gemu ikisubiriwa muda mrefu, matapeli wanajaa. Kuna mafaili yanayozunguka mitandaoni yakijiita "GTA 6 ya Android". Ni feki yote. Hakuna GTA VI ya simu iliyotangazwa. Ukipakua faili la namna hiyo, likaomba ruhusa ya kusoma SMS zako, ujue linatafuta namba za uthibitisho zinazokuja kwenye simu hiyohiyo unayotunzia M-Pesa au Airtel Money. Lifute, na zima ile sehemu ya mipangilio inayoruhusu kupakia programu kutoka nje ya Play Store.

Anayetaka GTA ya kweli kwenye Android anayo San Andreas, ipo kwenye Play Store tangu Desemba 2013. Inalipiwa, na inakula bando la kutosha, hivyo ni vizuri kuishusha kwenye WiFi.