Jina la Msafiri: Vijana Wetu na Masomo ya Ng'ambo (4)

Matokeo ya kidato cha sita yametoka, na tangu siku ile baraza yangu hapa Chake Chake, Pemba, haikauki watu. Huyu anauliza habari za Algeria, yule za India, mwengine za China. Nilikusudia wiki hii tuendelee pale tulipoachia, kwenye mikopo na ufadhili, lakini jambo moja limenizuia, nami naona bora nilimalize kwanza.

Kijana wa jirani yangu aliniletea bahasha ya kaki. Nikavitandaza vyeti vyake mkekani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamadi. Cha mtihani kinasema Hamad. Pasipoti imefuata cheti cha kuzaliwa, na jina la babu, ambalo kwenye mtihani limo, huku halimo. Baba yake ameshatenga fedha za karafuu kwa ajili ya nauli.

"Mwalimu, si herufi moja tu hii?"

"Ni moja, mwanangu. Lakini ofisa wa ubalozi hakujui wewe wala hamjui baba yako. Yeye anaijua karatasi."

Waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua kwamba hapa siwezi kupita bila ya kumtaja Sheikh Abdalla Bakathir, mwanachuoni aliyesafiri kutafuta elimu, maana karatasi aliyorudi nayo ina somo juu ya jina. Alizaliwa Lamu mwaka 1860, akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri aliyekuwa mzaliwa wa Ngazija. Walikuwa rika moja hawa, na bado mmoja alikaa chini mbele ya mwenziwe akasoma. Adabu hiyo leo naitafuta siioni. Mwaka 1897, mtu mzima aliyekwisha kuwa mwalimu, Bakathir alifunga safari ya Hadhramaut kwenda kuwa mwanafunzi tena. Alifika Seiyun na Tarim, akakaa mbele ya masheikh, akapokea ijaza, yaani idhini ya kusomesha, na safari yake akaitungia kitabu kwa Kiarabu. Aliporudi alisomesha Ukutani, mjini Unguja, na sifa yake ikavuka bahari: mwaka 1913 Waislamu wa Cape Town walipozozana, yeye ndiye aliyekwenda kuwasuluhisha. Alifariki 1925, mwaka ule ule aliofariki mwalimu wake.

Sasa tazama ijaza yenyewe ilivyokuwa. Haikutosha sheikh kuandika kwamba fulani amesoma. Huandikwa fulani bin fulani, kisha ukoo, kisha mji. Halafu jina la aliyemsomesha, na aliyemsomesha huyo, na wa kabla yake, mpaka mlolongo urudi nyuma karne kwa karne. Ndiyo sanad. Anayeipokea huisoma neno kwa neno, kwa sababu pete moja ikikatika mnyororo wote haushiki. Wazee wale hawakuwa na mashine ya nakala wala kompyuta, wala hakukuwa na mtu wa kuwapigia simu Tarim kuuliza. Jina lililoandikwa sawasawa ndilo lililowasemea.

Na sisi je? Mtoto bibi yake anamwita hivi, mjomba anamwandikisha vile, na siku ya kujaza fomu za mtihani mwalimu anaandika anavyosikia, kwa kuwa watoto ni wengi na muda ni mchache. Kilichoandikwa siku hiyo ndicho kinachochapwa kwenye cheti. Nasema wazi, kosa hili ni letu wazazi na walimu, na ni uvivu. Tunamsomesha mtoto miaka na miaka tukashindwa kumkagulia jina dakika tano. Mwenye mtoto wa darasa la pili leo na akifungue leo kijaluba cha vyeti, asingoje kidato cha sita.

Jambo la pili ni masomo ya matayarisho, aghalabu ya lugha, nalo nitalisema kwa mfano mmoja. Dk. Ali Mohamed Shein, mtoto wa Chokocho aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020, alipopelekwa Umoja wa Kisovieti hakuanza shahada moja kwa moja. Alianzia Voronezh kwa masomo ya matayarisho, ndipo akaenda Odessa kusomea biokemia. Baadaye alipata udaktari wa falsafa Newcastle, Uingereza. Kwa hiyo anayeambiwa aanze na mwaka mzima wa lugha asilie kwamba amecheleweshwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Majina yakitofautiana, pata hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, kisha rekebisha kinachorekebishika. Kabla ya kumlipa wakala hata senti, uliza Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa, maana shahada yako itarudi kukaguliwa huko huko. India, China na Oman wana ofisi za ubalozi mdogo Unguja. Balozi nyingi nyengine ziko Dar es Salaam, na kila karatasi iliyosahauliwa nyumbani ni nauli nyengine ya boti. Ya mikopo tutayazungumza wiki ijayo.

Kijana wa jirani ameshakipata kiapo chake. Kesho alfajiri anashuka Mkoani kupanda boti. Bahasha ameitia ndani ya mfuko wa plastiki isirowe, na juu yake nimemwandikia kwa wino jina lake lote, la babu likiwamo.