Kufumua Mfumo: Namna Programu Kubwa Zinavyosomwa

Programu ya kompyuta ni andiko. Ina msamiati wake na sarufi yake, na iliyo kubwa huandikwa na watu wengi wanaopokezana kwa miaka. Waandishi wakiondoka bila kuacha maelezo, andiko huendelea kutenda kazi, lakini nia yao haimo. Atakayetumwa kulisahihisha hana budi kulielewa kwanza, wala hakuna awezaye kusoma mistari milioni moja na kuikumbuka.

Mwaka 1990 Chikofsky na Cross waliieleza kazi hiyo kuwa ni kuchunguza mfumo ili kutambua sehemu zake na mahusiano yake, pasipo kuubadili. Kiswahili kina neno tayari: mfumo hutokana na kufuma, na kinyume chake ni kufumua, kama funga ilivyo na fungua. (Kasoro ni kwamba nguo iliyofumuliwa huisha, ilhali programu hubaki nzima.)

Chombo mashuhuri cha kufumulia ni Rigi, kilichoundwa na Hausi Müller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada. Hicho huchambua programu, kikaonyesha kipande kipi huita kipi, kisha huchora: kila kipande nukta, kila mwito mstari. Picha ya kwanza huwa kama uzi uliotatizika. Hapo mchunguzi huanza kuzikusanya nukta katika mafungu, na mafungu katika mafungu makubwa zaidi, hadi muundo uonekane. Ndivyo ilivyochunguzwa, katika miaka ya 1990, SQL/DS, hifadhidata ya IBM yenye mistari zaidi ya milioni 1.

Seesoft, iliyoelezwa mwaka 1992 na watafiti wa Bell huko Marekani, hufuata njia nyingine. Kila mstari wa programu hufinywa ukawa ufito mwembamba: mwekundu ikiwa umebadilishwa karibuni, wa buluu ikiwa haujaguswa siku nyingi. Mistari 50,000 huonekana kwa pamoja, na msomaji hutambua mara moja mahali ambapo mikono haitulii.

Hata hivyo picha haisemi kwa nini. Rigi haijui kwamba fungu fulani hushughulikia mishahara. Ni mchunguzi anayelipa jina, na wachunguzi wawili huweza kuigawa programu ileile kwa namna mbili. Tena miito mingine huamuliwa programu inapotenda kazi, na chombo kisomacho andiko tu hakiwezi kuichora yote. Anayefuta kipande kwa kuwa hakuna mstari unaokifikia huenda akagundua kosa lake siku mishahara isipotoka.