Gego la miaka sita huoza likidhaniwa la utotoni

WAZAZI wengi husubiri jino la utotoni ling'oke ndipo watambue kuwa la kudumu linakuja. Gego la kwanza la kudumu halifuati utaratibu huo. Huchomoza mtoto akiwa na miaka sita hivi, wakati wa kujiunga na Gredi ya Kwanza, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana likioza mzazi husema, "Litang'oka tu." Likitoka hilo, hakuna jingine la kuchukua nafasi yake.

Juu ya gego kuna vifereji vyembamba kuliko unywele wa mswaki. Chakula hukwama humo, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hula tabaka la nje la jino, ambalo bado halijakomaa. Isitoshe, gego huchukua miezi mingi kupanda, na muda huo wote mswaki hupita juu yake bila kuligusa. Hapa mzazi hana budi kuushika mswaki mwenyewe na kuuingiza kwa pembeni.

Shimo linalomuumiza mtoto wa miaka 12 huenda lilianza akiwa na saba. Na ni katika umri huo wa 12 ambapo magego ya pili huchomoza, hatari ikaanza upya.

Daktari wa meno anaweza kuziba vifereji mapema kwa utando wa plastiki unaogandishwa kwa mwanga, bila sindano wala kutoboa jino. Anayepelekwa kliniki baada ya kukesha akilia huenda asiepuke kung'olewa.