Mawimbi Mafupi na Ukanda wa Ukimya

Msikilizaji aliyekaa ufukweni Bagamoyo yu karibu sana na Unguja. Kutoka hapo hadi Dole, mahali palipojengwa mtambo wa kurushia matangazo ya Zanzibar kwa mawimbi mafupi, ni kilomita zipatazo 50 tu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni bahari. Mtambo huo wa kilowati 50 ulijulikana kwa miaka mingi kwa frikwensi yake ya kilohezi 11735, na wasikilizaji wa Ulaya na Japani walikuwa wakiunasa. Hata hivyo, saa ile ile ambapo sauti yaweza kufika Ulaya, huenda redio ya Dodoma isipate chochote ila mvumo.

Jambo hili ni kinyume cha mazoea yetu. Mtu akipiga kelele Kaole, wa Kaole ndiye asikiaye, si wa Pangani. Yawezekanaje basi wimbi la redio limruke jirani na kumfikia mgeni?

Kwanza tukumbuke hesabu ndogo. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya 300,000 kwa frikwensi iliyoandikwa kwa kilohezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kilohezi 11735 ni wimbi la mita 25.6, ndiyo maana watangazaji husema "mita 25".

Wimbi litokapo kwenye antena hufuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya chini, ambapo wimbi hutambaa juu ya uso wa dunia. Nchi kavu hulila wimbi hili upesi, hasa likiwa fupi, kwa sababu udongo ni kipitishi dhaifu cha umeme. Maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi yake, hupitisha umeme mara mamia au hata maelfu kuliko ardhi kavu, na wimbi la chini huenda mbali zaidi juu yake, ikiwa antena iliyolirusha imesimama wima. Kwa hiyo Bagamoyo ina bahati ambayo Chalinze haina: bahari yaweza kuiletea wimbi ambalo vichaka vya bara vingelimaliza.

Njia ya pili ni ya juu. Mnamo Desemba 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara zilizovuka Atlantiki, kutoka Cornwall hadi Newfoundland. Dunia ni mviringo, na wimbi huenda kwa mstari ulionyooka, lilipindaje? Mwaka uliofuata Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kwamba juu angani kuna tabaka lenye chembe za umeme linalorudisha mawimbi chini. Leo tunaliita ionosfia. Miali ya jua ya urujuanimno huzing'oa elektroni kutoka katika atomu za hewa, na elektroni hizo huru ndizo zilipindalo wimbi. Tabaka la juu kabisa, lijulikanalo kwa herufi F, huwa kwenye kimo cha kilomita 200 hadi 400 hivi, nalo ndilo lifanyalo kazi kubwa katika mawimbi mafupi.

Lakini ionosfia si kioo kamili. Ukirusha wimbi wima kabisa, litarudi tu kama frikwensi yake haizidi kiasi fulani, ambacho tutakiita frikwensi ya kikomo. Likizidi, hutoboa na kupotelea mbinguni. Wimbi lililorushwa kwa mshazari hurudi kwa urahisi zaidi, mfano wa jiwe bapa linalorushwa juu ya maji: likitupwa wima huzama, likitupwa kwa ulalo hudunda.

Hebu tupige hesabu. Tuseme jioni moja frikwensi ya kikomo juu yetu ni megahezi 8, na tabaka liko kilomita 300 juu. Wimbi la megahezi 11.735 litarudi endapo pembe yake kutoka wima ni kubwa kiasi kwamba kosaini yake haizidi 8 kwa 11.735, yaani 0.68. Pembe hiyo ni digrii 47, na tanjenti yake ni 1.07. Wimbi likipanda na kushuka kwa pembe hiyo, litagusa ardhi umbali wa 2 × 300 × 1.07, yaani kilomita 640 hivi. (Tumeichukulia dunia kuwa tambarare, kwa umbali huu kosa si kubwa.) Mahali palipo karibu zaidi hapatapata wimbi la juu hata kidogo. Sasa tazama ramani. Kutoka Unguja hadi Dodoma ni kilomita kama 380. Hadi Tabora ni zaidi ya 700. Tabora itasikia, Dodoma itakaa kimya. Wimbi la chini limekwisha zamani, na la juu halijashuka bado. Nafasi iliyo kati ya mwisho wa la kwanza na mwanzo wa la pili ndiyo ukanda wa ukimya.

Ukanda huu hausimami mahali pamoja. Mchana, jua linapoongeza elektroni, frikwensi ya kikomo hupanda, na katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu yaweza kupita megahezi 11.7, hapo ukimya hutoweka kabisa. Usiku wa manane ukanda hupanuka. Tena shughuli za jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, ambao kilele chake kilifikiwa tena mwaka 2024.

Kwa nchi changa jambo hili halikuwa la kitaaluma tu. Serikali inayotaka kusema na wananchi wake kwa mawimbi yasiyofaa yaweza kusikika ng'ambo na isisikike kwake. Ndiyo sababu mataifa ya tropiki yalitengewa mawimbi marefu kidogo, ya mita 60 na zaidi, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilitumia kwa miaka mingi kilohezi 5050. Kwa kikomo cha megahezi 8 katika mfano wetu, wimbi hilo hurudi hata likirushwa wima, na kushuka kama mvua juu ya mikoa yote iliyo chini yake. Mchana matabaka ya chini ya ionosfia hulinyonya, lakini usiku lilifika vijijini ambako gazeti halikufika. Matangazo ya vyama vya ukombozi yaliyotoka Dar es Salaam yalikuwa na shabaha nyingine: Johannesburg ni kilomita zipatazo 2,400, na kwa umbali huo mawimbi mafupi zaidi ndiyo yafaayo. Hapo ukanda wa ukimya haukuwa hasara.

Redio za FM tulizo nazo leo zina sauti safi kupita kiasi, lakini mawimbi yake hutoboa ionosfia na hufika mbali kidogo tu kuliko upeo wa macho. Mlingoti wa mita 100 ufukweni humfikia mvuvi mwenye redio mita 2 juu ya maji kwa kilomita 47 hivi. Akipita hapo, utabiri wa upepo haumpati tena kwa njia hiyo.

Walimu wa fizikia wa pwani wanaweza kufanya jaribio lisilo na gharama kubwa. Chagua kituo chochote cha mawimbi mafupi kinachosikika, funga waya wa mita kumi kwenye antena ya redio, na wanafunzi waandike nguvu ya sauti kila nusu saa, kuanzia alasiri hadi usiku. Wajihadhari na vivuli: redio nyingi hubadili kila wimbi kuwa la kilohezi 455 kabla ya kulikuza, na kwa sababu hiyo redio duni hukipata kituo cha 11735 mara ya pili kwenye 10825, yaani 455 mara mbili chini yake.

Watakachokiona mapema ni sauti kupanda na kushuka, kama mtu anayesogea na kurudi. Hutokea mawimbi ya njia mbili yanapokutana. Kwa wimbi la mita 25.6, tabaka likipanda mita 6.4 tu, njia ya wimbi lirudilo karibu wima huongezeka mita 12.8, nusu ya wimbi, na mawimbi yaliyokuwa yakisaidiana huanza kufutana. Edward Appleton alitumia mpishano wa namna hiyo hiyo mwaka 1924, akisikiliza Oxford mtambo wa Bournemouth uliobadilishwa frikwensi kidogo kidogo, na kwa kuhesabu kupanda na kushuka kwa sauti akathibitisha kuwako kwa ionosfia na kupima kimo chake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Shule ya Bagamoyo ikishirikiana na ya Dodoma na ya Tabora, zikisikiliza kituo kimoja usiku mmoja, daftari zao tatu zitaonyesha ukanda wa ukimya ulianzia wapi na saa ngapi.